Wateule wa Grammy na Nyimbo Zisizofika Mlangoni

Kila msimu wa tuzo za Grammy unapokaribia, mashabiki wa muziki huku Diani, sawa na wenzao wa Nairobi na Dar es Salaam, huanza kubashiri wateule. Ubashiri huo hauhitaji ramli. Tuzo ya muziki bora wa Kiafrika ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2024, wateule wote walitoka Nigeria na Afrika Kusini, naye Tyla akaibuka mshindi. Mwaka 2025 alishinda Tems wa Nigeria. Katika miaka hiyo miwili, hakuna msanii wa Afrika Mashariki aliyeteuliwa kuwania tuzo hiyo.

Je, Kiswahili hakina nyimbo bora? La hasha. Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Taratibu za Grammy zinaipindua methali hiyo. Wimbo haufikiriwi mpaka uwasilishwe na kampuni ya muziki au mwanachama wa taasisi inayotoa tuzo, na sharti uwe umesambazwa kibiashara nchini Marekani. Ndipo wanachama wapige kura. Kwa hiyo, mbashiri hapimi ubora, bali anakisia nani atafika mlangoni. Wimbo wa sengenya unaoimbwa sherehenikwa Wadigo wa Msambweni bila kurekodiwa hauna njia ya kufika huko, hata ukiwa na mafumbo ya kumkosesha mhakiki usingizi.

Huenda msomaji akasema kwamba tuzo ni biashara, nasi ni wanafasihi. Siafiki. Orodha za wateule huamua nyimbo zipi zinahifadhiwa, na mwanafunzi anayetafuta matini ya tasnifu huvutwa na wimbo uliokwisha kupata jina kwa sababu unapatikana kwa urahisi. Usiopatikana hauhakikiwi, usiohakikiwa husahauliwa pamoja na waimbaji wake.

Napendekeza chama chetu kiandae orodha yake kila mwaka. Kila pendekezo liambatane na maneno kamili ya wimbo, yaliyonakiliwa kwa idhini ya waimbaji, pamoja na hoja za lugha, maudhui na uwasilishaji. Jambo hili si geni: tuzo za muziki za Kilimanjaro nchini Tanzania ziliwahi kuutenga wimbo bora wa taarabu. Tukifanya hivyo, ubashiri wetu utakuwa uhakiki, na sengenya itapata mlango wake.