Usianze na Buibui wa Usambara
Na Zuhura Mbwana

Kwenye maonyesho ya Hamm, Ujerumani, wanakokutana wafugaji wa tarantula kutoka Ulaya nzima, hutakosa buibui wa rangi ya chungwa lililoiva, anayeuzwa kwa jina la milima yetu ya Usambara. Ni Pterinochilus murinus. Anapendeza, bei yake ni ndogo kwa kuwa huzaliana sana, tena hafi ovyo. Sifa hizo ndizo zinazowaponza wanaoanza kufuga, wakiwemo vijana wetu walioko huko.

Huyu hana nywele za kuwasha walizo nazo tarantula wengi wa Amerika, hivyo akiudhiwa hutegemea meno. Na ana mbio za ajabu: unafungua kifuniko umtilie maji, mara yuko mkononi, mara yuko nyuma ya kabati. Akiuma, maumivu ni makali na misuli yaweza kukakamaa kwa siku kadhaa. Nyumba yenye mtoto si mahali pake.

Anza na Tliltocatl albopilosus wa Amerika ya Kati, yule wa kahawia mwenye manyoya yaliyojikunja. Wageni huenda wasimtazame mara mbili, lakini ni mpole na mwendo wake wa taratibu. Akikereka hukupa mgongo na kupangusa tumbo kwa miguu ya nyuma, akirusha nywele zinazowasha kama upupu. Usimwinamie, zikakuingia machoni.

Mjazie tangi lake kwa makumbi ya nazi yaliyosagwa mpaka ibaki nafasi ndogo chini ya kifuniko. Wengi humpa tangi refu kwa kumhurumia, kumbe akianguka kutoka juu tumbo hupasuka, akafa. Na ukimkuta chali, miguu juu, tafadhali usimtupe! Anajivua gamba. Mwache kabisa, na uondoe nyenje walio hai uliomtilia kama chakula, maana ngozi mpya ni laini na wanaweza kumtafuna.

Kabla ya kulipa, uliza kama ni jike, kwani jike aweza kufika miaka 20 na dume hufa mapema. Uliza pia alizaliwa wapi. Tarantula wa Meksiko mwenye magoti mekundu yuko chini ya CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya viumbe wa porini, tangu 1985 kwa sababu ya kukamatwa kwa wingi porini. Muuzaji akishindwa kukuambia buibui wake katoka kwa mfugaji gani, mwachie.