Tuongee Nyumbani: Vyandarua vya Muleba

Juma zima nimejiuliza kama niwapeni habari hii, maana ndani yake mimi mwenyewe sionekani mtu wa busara nyingi. Mke wangu asema, "Waambie tu, wapate kucheka." Haya, sikilizeni.

Katika kigango chetu, huku Muleba, tulifanya changizo baada ya mvua za masika. Watoto wengi walikuwa wameshikwa na malaria. Mjukuu wangu naye alilazwa hospitali ya Rubya siku nne, akarudi amekonda kama kuni. Basi kila jumuiya ikatoa: huyu mkungu wa ndizi, yule kahawa kidogo, na mjane mmoja akaleta mayai sita, yakanadiwa nje ya kanisa baada ya Misa. Fedha haikuwa nyingi, ila ilikuwa ya jasho. Nami ni mgeni katika kamati ya misaada, niliingizwa mwaka huu tu. Lakini kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa hesabu, nikatumwa Bukoba kununua vyandarua.

Kamatini kulikuwa na maneno. Mzee mmoja alishikilia kwamba tununue pampu na dawa, tupulize kuta za nyumba. Mimi neno langu lilikuwa moja: chandarua ni chandarua, tununue vya bei ndogo, viwe vingi. Wengi wakaniunga mkono.

Bukoba nililala kwa binti wa kaka yangu, ambaye ni muuguzi. Kabla ya chakula nikamwonyesha karatasi yangu ya hesabu, nikitazamia sifa. Akaisoma, akauliza, "Baba mdogo, vimetiwa dawa gani?"

"Dawa ya mbu, mwanangu."

"Ipi?"

Nikanyamaza. Akauliza tena, "Na mtajuaje kama vimewasaidia watoto?"

"Watu watatushukuru."

Alicheka hadi mfuniko wa sufuria ukamponyoka. "Shukrani si kipimo, baba mdogo. Mtu mwenye adabu hushukuru hata akipewa kisichomfaa."

Neno hilo lilinichoma. Miaka mingi nimetoa sadaka, nguo, chumvi na sabuni, wala sikupata kurudi hata mara moja kutazama kilichotokea baadaye. Je, wewe msomaji, umepata kurudi?

Ndipo aliponieleza mambo yaliyofanyika katika wilaya yetu wenyewe, nami nikikaa humo humo bila kuyajua. Nawakumbuka wale vijana wenye madaftari waliowatoboa watoto vidole. Nilidhani ni habari za sensa.

Dawa ya vyandarua vya kawaida ni ya jamii iitwayo pairethroidi. Mbu wengi wa Muleba walikwisha kuizoea. Mwilini mwao mna kitu kinachoivunjavunja kabla haijawaua, kama vile mnywaji wa siku nyingi asivyoshtushwa na kibuyu kimoja cha lubisi. Basi wakatengeneza vyandarua vya namna ya pili, vyenye dawa ile ile pamoja na kitu kiitwacho PBO. PBO si sumu ya kumwua mbu. Kazi yake ni kumfunga mikono, asiweze kuivunja dawa.

Je, vilikuwa bora kweli vijijini, au katika maneno ya mtengenezaji tu? Mwanzoni mwa mwaka 2015 watafiti wa NIMR, kituo cha Mwanza, pamoja na wenzao wa chuo cha tiba cha KCMC Moshi na wa chuo kimoja cha London, walivigawa vijiji vya Muleba katika makundi 48. Kisha wakapiga kura. Makundi mengine yalipata vyandarua vya kawaida, mengine vya PBO. Na katika kila upande nusu zilipuliziwa dawa kutani na nusu hazikupuliziwa.

Hapo nilikasirika. "Kura! Watoto wa watu wapigiwe kura kama mbuzi wa mnada?"

Akaniambia polepole, kama ninavyosema na mtoto wa darasa la pili, "Hakuna aliyeachwa bila chandarua, baba mdogo. Na hakuna aliyejua kipi ni bora; ndiyo maana waliuliza. Wangeacha watu wachague, vile vipya vingekwenda kwa nani? Kwa walio karibu na barabara, wenye nyumba nzuri na wenye kuwahi zahanati. Halafu watoto wao wangeugua kidogo, nasi tungekisifu chandarua, kumbe aliyesaidia ni barabara."

Sikuwa na jibu. Kwa kura, matajiri na maskini, wa mabondeni na wa vilimani, huangukia pande zote, na kinachobaki kuwatenga ni kile chandarua. Nilifundisha hesabu miaka thelathini, na jambo hili halikunijia kamwe.

Baada ya miezi tisa waliwapima damu watoto wa miezi sita hadi miaka 14. Penye vyandarua vya kawaida, katika kila watoto 100, 42 walikuwa na vimelea vya malaria. Penye PBO walikuwa 29. Baada ya miezi 21 ilikuwa 62 kwa 45. Mwaona ya kuwa pande zote mbili hesabu ilipanda, lakini tofauti ilibaki. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilivikubali vyandarua vya PBO kwa mahali penye mbu sugu, na ushahidi mkubwa ulikuwa huu wa Muleba. Damu ya vidole vya watoto wetu ilikwenda kusema mbele ya wakubwa wa dunia, na sisi wazazi wao hatuna habari.

Nikamwuliza juu ya yule mzee wa pampu. Jibu lake lilinishangaza kuliko yote. Mwaka 2012 jambo hilo nalo lilijaribiwa Muleba. Nyumba zenye vyandarua vya kawaida zilipopuliziwa dawa ya namna nyingine, wastani wa watoto wenye vimelea ulikuwa 13 katika 100, zisipopuliziwa, 26. Kumbe mzee hakuwa akiropoka! Lakini katika jaribio la 2015, waliokwisha kuwa na PBO hawakuonekana kupata nafuu zaidi kwa kupuliziwa. Mambo mawili mema yaliwekwa pamoja, na la pili halikuongeza kitu, ijapokuwa gharama iliongezeka. Mzee alikumbuka kweli, ila kweli ya chandarua kingine.

Nikasema, "Vema, kesho nanunua vya PBO." Akatikisa kichwa. Kumbe kuanzia 2019 wamejaribu tena, huko Misungwi, kusini ya Ziwa. Baada ya miaka miwili, penye vyandarua vya kawaida 46 katika 100 walikuwa na vimelea, penye PBO 41, na penye namna mpya, yenye dawa ya pili iitwayo klofenapiri, 26. Mwaka 2023 Shirika la Afya likavipendekeza hivyo vipya. PBO ndiyo kwanza niikumbatie, nikapokonywa usiku ule ule.

"Basi ninunue vipi?"

"Usinunue kitu kwanza," akasema. "Kliniki na shule zimekuwa zikigawa bure. Je, mwajua ni nani hana? Na aliye nacho, analala ndani yake? Katika lile jaribio la 2015, mwaka wa kwanza watu 77 katika 100 walisema wanavitumia. Mwaka wa pili wakabaki 59."

Nikarudi Muleba mikono mitupu. Msiniulize nilivyopokewa. Mmoja alisema mayai ya mjane yamekwenda Bukoba kuatamiwa. Mweka hazina alizihesabu noti mara mbili mbele yangu, jambo ambalo sijalisahau. Ila yule mjane aliuliza swali lililotuliza kikao: "Mwalimu, yangu yangenunua kile kilichozoewa na mbu?" Nikamjibu kwamba yaelekea ndivyo. Akasema, "Basi na yangoje."

Tukapatana kuzunguka nyumba kwa nyumba na daftari, tukiuliza mambo matatu: nani alilala humu jana, chini ya chandarua au la, nacho ni cha namna gani. Na tusiulize tu, tukitazame kitanda. Kwa kuwa shauri lilikuwa langu, wakaanza na nyumba yangu. Nilijibu kwa kujiamini ya kuwa mjukuu ana chandarua chake, alipewa shuleni. Mwandishi akaingia, akakuta kitanda kitupu. Mke wangu, bila haya, akamwonyesha uani: chandarua kimetandazwa juu ya vifaranga, mwewe asiwachukue.

Kimefuliwa, kimerudi kitandani. Vifaranga wamepewa tenga. Fedha bado iko kwa mweka hazina, pamoja na bei ya yale mayai sita, na daftari limefika kitongoji cha pili.