Tamasha la Filamu Si la Wenye Filamu

Mtu wa Singida akisema mwaka huu anakwenda Zanzibar kwenye tamasha la kimataifa la filamu, ataulizwa maswali mawili. La kwanza: una filamu? La pili: umealikwa na nani? Akijibu kwamba hana filamu wala mwaliko, anakwenda kutazama tu, watu watacheka, na hatakosekana mjomba wa kumkumbusha kwamba pesa ya alizeti ina kazi za maana zinaisubiri. Lakini mtu huyohuyo akisema anakwenda Dar es Salaam kuangalia Simba na Yanga, hakuna atakayemuuliza anacheza namba ngapi.

Kuanzia Manyoni hadi Kiomboi watu wanaamini kwamba tamasha la filamu ni mkutano wa mastaa, wazungu na wenye Kiingereza chao, na kwamba sisi wengine kazi yetu ni kusubiri picha za mavazi yao kwenye simu. Nasema imani hiyo ni potofu, na hasara yake haiishii kwa mtu mmoja kukosa safari. Inawanyima watengenezaji wa filamu jicho wanalolihitaji, na inatunyima sisi nafasi ya kusema neno juu ya picha zinazopigwa kwetu.

Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ZIFF kwa kifupi, lilianzishwa mwaka 1997 na kufanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Lilijiita tamasha la nchi za majahazi, na tuzo yake kubwa ni Jahazi la Dhahabu. Makao yake yanayojulikana zaidi ni Ngome Kongwe, mkabala na Forodhani, kwenye ukumbi wa wazi wenye ngazi za mawe za kukalia. Kwa miaka mingi lilikuwa pia na utaratibu wa kubeba filamu na kuzipeleka vijijini, Unguja na Pemba, zikaonyeshwe kwa watu ambao hawatafika Mji Mkongwe. Tamasha lililotaka kuwa la wenye filamu peke yao lisingehangaika kubeba projekta hadi vijijini.

Mimi nilipokaa kwenye ngazi zile kwa mara ya kwanza, nilitegemea kuzungukwa na watu wenye vitambulisho shingoni. Walikuwepo, sikatai. Lakini kulikuwa pia na wanawake waliokuja na watoto, vijana waliotoka kula urojo Forodhani, na wazee wawili waliobishana filamu nzima kama mhusika mkuu ni mjinga au anajifanya. Mwongozaji angekuwa na akili angewasogelea wale wazee na kusikiliza.

Wanaodhani kila tamasha ni zulia jekundu wamelipata wazo hilo Cannes, Ufaransa. Ni kweli, Cannes kwa sehemu kubwa ni ya watu wa kazi ya filamu, na mtu wa kawaida hupenya kwa shida. Lakini Cannes ni moja. Berlin huuza tiketi zaidi ya laki tatu kwa wananchi wa kawaida. Ouagadougou, ambako tamasha kubwa la sinema ya Afrika lilianza mwaka 1969, mji mzima huingia kwenye kumbi. Na Toronto, Kanada, tuzo yenye uzito kuliko zote haitolewi na jopo la wataalamu. Inatolewa kwa kura za watazamaji. Waliokata tiketi ndio waliozichagua Slumdog Millionaire mwaka 2008, 12 Years a Slave mwaka 2013 na Green Book mwaka 2018, na zote tatu zikaenda kuchukua Oscar ya filamu bora. Sasa niambieni, pale Toronto nani mwenye tamasha?

Wazo kwamba mtu wa kijijini hafai kukaa mbele ya filamu ya maana halikuzaliwa Singida. Tuliletewa. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza waliweka kituo cha kutengeneza filamu Vugiri, kwenye milima ya Usambara, kwa mradi wa kujaribu kuwafundisha Waafrika kwa sinema. Lori likazunguka Tanganyika na nchi jirani likionyesha picha za kilimo, magonjwa ya minyoo na faida ya kuweka akiba posta. Mwaka 1939 kikaja Kitengo cha Filamu cha Makoloni, na kinara wake, William Sellers, akashikilia kwamba mtazamaji wa aina yetu apewe picha za polepole, zisizorukaruka, ama sivyo atachanganyikiwa.

Kuna kisa kimoja cha enzi hizo ambacho wasomi wa Ulaya na Marekani wamekirudia mno. Kilisimuliwa na John Wilson, na Marshall McLuhan akakiweka kwenye kitabu chake cha mwaka 1962, The Gutenberg Galaxy. Mkaguzi wa afya alitengeneza filamu fupi, ya taratibu sana, ya kuwafundisha wanakijiji wa Afrika kuondoa maji yaliyotuama na kuokota makopo matupu. Ilipokwisha, watazamaji wakaulizwa wameona nini. Wakajibu: kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua kwamba ndani yake mna kuku. Ikabidi waikague picha moja moja, na kweli, kwa kama sekunde moja, kwenye kona ya chini, kuku alikurupushwa akaruka.

Kisa hiki kimetumika kuthibitisha kwamba mwanakijiji hajui kutazama. Mimi, kama mtu wa mkoa ambao kuku wake wa kienyeji husafiri kwa basi hadi Dar es Salaam, nakisoma kinyume kabisa. Watu wale walimwona kiumbe hai pekee aliyefanya jambo ambalo hakupangiwa na mkaguzi. Waliona kitu ambacho mwenye filamu, mwenye kamera, mwenye mkasi wa kukatia picha, hakukiona. Mtazamaji wa namna hiyo angestahili kulipiwa nauli.

Halafu tunaambiana wenyewe kwa wenyewe kwamba hatuna utamaduni wa sinema! Kibanda umiza ni nini basi? Benchi la mbao, joto, spika inayokoroma, na mtu anasimulia filamu ya Kimarekani au ya Kihindi kwa Kiswahili. Msimuliaji Lufufu alipoichukua Titanic na kuipa Kiswahili, hakuishia kutafsiri maneno. Aliwaeleza watu hali, akatia utani, akawasema wahusika, na watazamaji nao wakajibu. Wakenya wanaye DJ Afro wao. Waliokulia kwenye vibanda hivyo wamezoea kuibishia filamu, kuikatiza, kuidai sababu. Kwenye kumbi za kistaarabu jambo hilo linaitwa majadiliano baada ya onyesho, na hutengewa nusu saa.

Kibanda chenyewe kimeshafika Berlin. Mwaka 2018 Likarion Wainaina wa Kenya alipeleka huko Supa Modo, hadithi ya msichana mgonjwa anayeota kuwa shujaa wa kwenye muvi, na kijiji kizima kinaamua kumtengenezea filamu yake. Mmoja wa wahusika wake ni msimuliaji wa kibanda cha video. Watoto wa Ujerumani walimwelewa. Mtu wa Mkalama au Ikungi atashindwaje?

Hoja kwamba tamasha ni la wasomi nayo haina miguu. Mwaka 2021 filamu ya Amil Shivji, Vuta N'kuvute, ilionyeshwa Toronto, na baadaye Tanzania ikaipeleka kwenye mashindano ya Oscar. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi, riwaya ambayo wanafunzi wa kidato cha tano na sita wa Singida, kama wenzao nchi nzima, wameichambua wahusika, dhamira na mandhari hadi usiku wa manane. Kijana aliyemaliza mtihani ule anamjua Yasmin, mhusika wake mkuu, kuliko mhakiki yeyote wa Toronto. Halafu kijana huyo anaambiwa tamasha si saizi yake.

Kuna sababu nyingine ya kwenda, na kwangu hii ndiyo nzito. Sisi ni watu wa kupigwa picha. Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi Mkalama, wamefuatwa na kamera za wageni kwa miongo mingi. Mwaka 2014 ilitoka filamu nzima ya Kimarekani juu yao, The Hadza: Last of the First. Wanaonekana kwenye kioo, lakini ni nadra mno kuwakuta kwenye kiti cha mtazamaji. Na mnakumbuka mkasa wa filamu ya Darwin's Nightmare? Hubert Sauper aliipiga Mwanza, ikaonyeshwa Venice mwaka 2004, ikapata tuzo na kuteuliwa kuwania Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete akailaani hadharani, na nchi ikabishana kwa hasira juu ya filamu ambayo wengi wetu hatukuwa tumeiona. Tulichelewa kwa miaka miwili. Mabishano yale mahali pake palikuwa ukumbini, mwongozaji akiwa amesimama mbele na kipaza sauti mkononi.

Kesho inaweza kuwa zamu yetu. Simulizi za Wanyaturu zinamtaja Liti Kidanka, mwanamke aliyewapinga Wajerumani huku nyuki wakipigana upande wake, na uwanja wa mpira wa Singida leo unaitwa Liti. Mwanamke, nyuki, bunduki za mkoloni: sioni ni kwa nini mtu wa mbali asiifuate hadithi hiyo. Siku itakapopigwa picha, itaonyeshwa kwanza kwenye matamasha. Nani atakuwa ameketi pale wa kusema kwamba nyumba ya Kinyaturu haikai vile, au kwamba mwanamke wa hadhi yake hazungumzi vile? Ukumbi ambao hatujawahi kuuzoea hatutaweza kusimama ndani yake na kukosoa.

Hoja ninayoiheshimu ni ya pesa. Singida hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 700 kwa barabara, na bado kuna bahari mbele. Sitamdanganya mtu kwamba ni safari ya bure. Lakini tuwe wakweli: watu haohao husafiri mbali kwa harusi, kwa mpira na kwa mikutano ya injili. Tangu mwaka 2024 unaweza kwenda kwa basi hadi Dodoma, ukapanda treni ya SGR hadi Dar es Salaam, ukavuka kwa boti chini ya saa mbili. Beba kitambulisho. Usitafute chumba Mji Mkongwe, utalia. Upande wa Ng'ambo, Michenzani au Kikwajuni, kuna watu wa kawaida wanaoishi maisha ya kawaida, na Ngome Kongwe unaifikia kwa miguu au kwa daladala. Tarehe za tamasha hubadilika: kuna miaka limefanyika Juni, mingine Julai, na mwaka 2024 lilikuwa Agosti, kwa hiyo uliza kabla ya kukata tiketi ya basi. Bahati nzuri miezi hiyo huku kwetu mavuno ya alizeti yanakuwa yamekwisha au yako mwishoni.

Ukifika, usimalize nguvu kwenye usiku wa ufunguzi. Hotuba huwa ndefu na filamu moja. Nenda maonyesho ya mchana, yenye watu wachache na waongozaji wasio na walinzi. Chagua filamu ambazo hutaziona tena popote: fupi, za makala, za Comoro, za Msumbiji, za Iran. Za Netflix zitakungoja nyumbani. Filamu ikikuchosha, toka. Hakuna anayechukua mahudhurio. Na ikifika zamu ya maswali, nyoosha mkono na uulize kwa Kiswahili. Anayeendesha mjadala atatafuta wa kumtafsiria mgeni. Hiyo ni kazi yake.

Hapo nina ugomvi na waandaaji pia, na si wa Zanzibar peke yao. Tamasha lolote la Afrika Mashariki linaloonyesha filamu ya Kireno au ya Kifaransa yenye maandishi ya Kiingereza tu chini ya kioo linamfukuza mtu wa Singida kwa adabu. Halimwambii aondoke, linamwacha tu aone mwenyewe kwamba hakufikiriwa. Kama msimuliaji wa kibanda aliweza kuibeba Titanic kwa mdomo na kipaza sauti, tamasha lenye wafadhili haliwezi kusema jambo hilo ni gumu. Mleteni msimuliaji Ngome Kongwe, hata kwa onyesho moja kila siku, muone ngazi zitakavyojaa.

Mkoa wetu una halmashauri saba, na kila moja ina afisa utamaduni. Ombi langu kwao ni la mambo mawili. Wawatafutie vijana wachache nauli ya kwenda tamashani kama watazamaji, wasibebeshwe mabango wala kutakiwa kurudi na picha za kumpa mkuu wa wilaya. Na wawaandikie waandaaji wa matamasha kuomba filamu zilizoshinda zije zionyeshwe hapa, usiku, kwenye Uwanja wa Liti, Kiomboi, Itigi na Munguli, kama zilivyopelekwa vijijini Unguja na Pemba. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Muda wa kuliweka jambo hili kwenye bajeti upo, na madiwani wanao muda wa kuuliza kama limewekwa.