Kabla ya kulipia kasi zaidi, uliza pingi yako ni ngapi

Msomaji wa Ruiru, Juja ama Thika, kabla ujumbe wa kulipia waifai ya mwezi ujao haujaingia kwa simu yako, hebu jiulize: unajua kweli unalipia nini? Wengi wetu tutasema "megabiti 10" ama "megabiti 15", kisha tunyamaze. Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ndiyo inayowakosesha vijana kazi, nayo haiandikwi kwenye mabango ya matangazo.

Nusu hiyo ni muda ambao kipande cha data huchukua kutoka kwako, kufika kwa seva unayoongea nayo, na kurudi. Wahandisi huuita ucheleweshaji. Wacheza gemu huuita pingi, na nitatumia neno lao kwa sababu wao walianza kuumia mapema kuliko sisi wengine. Hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Fikiria Thika Road. Ilipozinduliwa mwaka wa 2012, ikiwa imepanuliwa hadi leni nane katika baadhi ya sehemu, magari mengi zaidi yaliweza kupita kwa pamoja. Lakini Thika haikusogea karibu na Nairobi hata kwa mita moja. Matatu iliyo peke yake barabarani usiku wa manane bado inahitaji muda wake kufika. Leni ndizo kasi unayouziwa, na muda wa safari ndio pingi. Halafu kuna ile foleni ya Githurai jioni, leni zote zipo lakini hakuna kinachosonga. Hiyo ndiyo mbaya zaidi, nitaifikia.

Kwanza tumalize hesabu ya leni. Tangazo likisema Mbps, ile b ndogo ni biti. Faili zako hupimwa kwa baiti, B kubwa, na baiti moja ina biti 8. Kwa hivyo laini ya megabiti 10 hushusha megabaiti 1.25 kwa sekunde, si 10. Gemu la gigabaiti 50 litakula zaidi ya saa 11 hata mambo yote yakienda sawa. Hapo hujaibiwa. Ila sijaona muuzaji aliye na haraka ya kumfafanulia mteja tofauti ya b hizo mbili.

Sasa chukua kijana wa Makongeni anayefanya kazi ya kupokea simu za wateja walio Uingereza, akiwa kwa keja yake. Mazungumzo ya video yanahitaji megabiti zisizofika 4. Ana 10. Kwa nini basi mteja anasema "hello, hello" na kukata? Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja ili watu waongee bila kukanyagana. Ukipita hapo, kila mmoja anadhani mwenzake amenyamaza, wote wanaanza kuongea pamoja, wote wananyamaza tena. Mwajiri hajui pingi ni nini. Anachojua ni kwamba huyu wa Kenya hasikiki vizuri, na kazi inaenda kwa mtu mwingine.

Sehemu ya muda huo huwezi kuipunguza kwa pesa yoyote. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri kilomita 200 hivi kwa milisekunde moja. Kutoka Nairobi hadi London ni karibu kilomita 6,800 ukipima kama ndege anavyoruka, kwa hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kuwa chini ya milisekunde 68. Na kebo hazirukii jangwa. Zinatoka Mombasa, zinapitia Bahari ya Shamu, Misri, kisha Mediterania, ndiyo maana pingi ya London huzidi 100 kwa urahisi. Bado tuko pazuri kuliko kaka na dada zetu wa zamani. Kabla ya kebo za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka wa 2009, Kenya ilitegemea setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya dunia, na kila swali lilichukua zaidi ya nusu sekunde kujibiwa.

Ukiwa na binamu Uingereza, anaweza kukuambia kisa tofauti. Huko nyumba nyingi zimetumia VDSL kwa miaka, ambapo kebo ya kioo inaishia kwenye kabati la barabarani, halafu waya wa shaba wa simu unaingia nyumbani. Aliye mita 300 kutoka kwa kabati anapata kasi nzuri, aliye kilomita moja anaambulia sehemu ndogo tu ya kasi hiyo. Sisi hatua hiyo tuliiruka. Laini za shaba za simu za mezani hazikuwahi kufika nyumba nyingi, na zilipofika, wezi wa shaba walizikata. Kebo ya kioo iliyo kwenye ploti yako Kihunguro ama Ngoingwa ni bora kuliko waya wa binamu. Kwa hivyo usikubali kuambiwa tatizo ni umbali kutoka mjini. Thika hadi Nairobi kwa kioo ni chini ya milisekunde moja.

Tatizo liko wapi basi? Kwenye foleni. Teknolojia ya kioo inayotumika sana majumbani, GPON, hugawa gigabiti 2.5 kwa nyumba 32 ama 64 zinazotumia uzi mmoja. Mchana hakuna shida. Saa mbili usiku kila mtu amerudi kutoka kazini, na kama kampuni haikununua nafasi ya kutosha huko mbele, data inapanga mstari. Kuna pia foleni ya ndani ya nyumba, ambayo watu hawaishuku kabisa: simu ya dada yako inapakia picha za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni, ruta inazipanga zote mbele ya sauti yako, na pingi inaruka kutoka 10 hadi mamia. Kuongeza kifurushi kunaweza kupunguza foleni hiyo. Mara nyingi ni kuihamisha tu. Zima upakiaji wakati wa kazi uone.

Na kuta, jamani. Ploti za huku zimejengwa kwa mawe ya Ndarugo, na waifai haiyapendi. Masafa ya gigahezi 2.4 yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, na kwenye jumba la ghorofa tano kuna ruta thelathini zinazozigombania. Kabla ya kumpigia mtu simu kwa hasira, chomeka laptopu kwa waya.

Ukipima, pia, pima kwa akili. Programu za kupima kasi huchagua seva iliyo karibu, pengine Nairobi, pengine ndani ya mtandao wa kampuni yako mwenyewe. Bila shaka itapendeza. YouTube nayo huenda vizuri kwa sababu video nyingi zimehifadhiwa humu humu nchini. Badilisha seva, chagua Johannesburg ama London, pima asubuhi, mchana na saa mbili usiku kwa siku saba, na uhifadhi picha za skrini. Huo ni ushahidi. "Net iko slow" si ushahidi.

Kwa maoni yangu, mzigo huu haufai kuwa wetu peke yetu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nayo. Neno "hadi" mbele ya megabiti si habari. Kila anayeuza intaneti ya nyumbani alazimishwe na Mamlaka ya Mawasiliano kutangaza kasi na pingi ya kawaida ya saa mbili usiku, mtaa kwa mtaa. Kampuni zinazo takwimu hizo tayari.

Wenye ploti nao waache tabia ya kuruhusu kampuni moja tu kuingiza kebo. Mpangaji asiye na pa kuhamia hana la kusema. Na usinijibu kwamba kuna Starlink: setilaiti zake ziko chini, karibu kilomita 550, na pingi yake si mbaya, lakini Novemba 2024 ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani, Kiambu yetu ikiwemo, kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Foleni ni foleni hata angani.

Kwa hivyo wiki hii muuzaji akibisha mlango akiwa na fulana ya kampuni na kijitabu cha vifurushi, usimuulize bei kwanza. Muulize nyumba ngapi zinagawana uzi huo. Muulize pingi ya London ni ngapi saa mbili usiku. Akikuambia "ni fasta sana, bosi", mwambie arudi saa hiyo, akupimie kwa simu ya jirani ambaye tayari ni mteja wake.