MCHEZA KWAO HUTUNZWA: WACHORAJI, TUANZE NA THIKA

Wahenga hawakukosea waliposema mcheza kwao hutunzwa. Wapenzi wasomaji, leo naielekeza methali hii kwetu sisi tunaochora ulimwengu wa ndoto kwa simu na kompyuta. Tuko wengi shuleni humu. Wengine huchorea kwenye simu ya mzazi usiku baada ya kumaliza kazi ya ziada, wengine hulipa saiba mjini Thika au Ruiru. Programu kama Krita na Blender hazilipiwi hata senti.

Lakini ebu tazameni kile tunachochora. Aghalabu ni kasri la mawe, mlima wa theluji na joka likipaa juu yake, sawasawa na tulivyoona kwenye runinga. Mchoraji mwenyewe hajawahi kushika theluji. Basi theluji yake huwa nyeupe pe kama karatasi, haina kivuli wala uzito, kwa maana hajui jua la asubuhi huifanya nini. Kisha mchoro hupewa jina la Kiingereza!

Kwa maoni yangu, ulimwengu wa ndoto ukitaka kuaminika sharti uanzie mahali ambapo mchoraji amepatembea kwa miguu yake.

Ushahidi upo. Mfululizo ninaoupenda kuliko yote ni Kizazi Moto: Generation Fire, ulioonyeshwa na Disney+ mwaka wa 2023. Una filamu fupi kumi za katuni kutoka nchi sita za Afrika, na jina lake limetoka katika Kiswahili chetu hiki. Mkenya mwenzetu Ng'endo Mukii alitengeneza "Enkai", kuhusu mtoto wa kike mwenye uwezo wa kuumba, anayeishi angani na mama yake. Mama huyo anaitwa Shiro, jina ambalo ukiliita kwenye stendi ya Thika watageuka watu watano! Raymond Malinga wa Uganda naye alichukua ng'ombe na ufalme wa Wachwezi, akawapa wachungaji viungo vya mashine. Nani angedhani mchunga ng'ombe angekuwa shujaa wa wakati ujao?

Hata Wajapani hufanya hivyo. Msitu wa Princess Mononoke, filamu ya Hayao Miyazaki ya mwaka wa 1997, ulitokana na misitu ya kisiwa cha Yakushima.

Najua kuna mtu ameshaguna, "Sasa Thika kuna nini?" Jamani! Kuna Mlima Kilimambogo, mita 2,145, ambao ukitazamwa kwa mbali huonekana wa buluu iliyopauka. Hilo ndilo somo la kwanza la mandhari: cha mbali hupauka, cha karibu hukolea. Kuna Fourteen Falls, ambapo Mto Athi hugawanyika ukaanguka kwa mikondo mingi. Kuna mashamba ya mananasi yenye mistari inayokwenda kukutana kwenye upeo wa macho. Kuna machimbo ya mawe ya Juja, kuta zimekatwa wima kama ngazi za majitu. Na usiku kuna matatu za 237 na taa zake za kila rangi.

Wengine watapinga kwamba ndoto haina mipaka, na kwamba mtu huchora ili atoroke nyumbani kidogo. Hoja hiyo ina uzito. Sisemi theluji ni haramu. Nasema tujue kwanza maji huangukaje, kisha tuyapindue yapande angani. Otesha mananasi marefu kama ghorofa za Ruiru. Uongo uliojengwa juu ya kitu unachokijua, watu wataukubali.

Tukinyamaza, wengine watatuchorea. Mwaka wa 1981 televisheni ya Uingereza ilionyesha The Flame Trees of Thika, mfululizo uliotokana na kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka wa 1959. Thika iliyoonekana huko ng'ambo ilikuwa Thika ya macho ya mtoto wa mlowezi. Wazee wetu waliolima mashamba yale hawakuulizwa yao ilikuwaje.

Walimu wetu wapendwa, naomba chumba cha kompyuta kifunguliwe kwa wachoraji saa moja tu kila Ijumaa baada ya masomo. Sisi wa shule ya kutwa tukitoka getini tunawahi matatu kabla nauli haijapanda, na nyumbani simu ni ya mama. Nanyi wenzangu, kila mmoja alete mchoro mmoja wa mahali pa kwetu, wenye jina la Kiswahili, na jarida hili lichapishe ulio bora mwakani.

Mcheza kwao hutunzwa, naam, lakini kwanza acheze.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu