Simu Ndani ya Kompyuta
Mzazi wa Tassia, je, kijana anayejifunza kuunda programu za Android ni lazima umnunulie simu ya pili? La. Android Studio ya Google huja na simu ya kuigiza, nayo haigharimu hata ndururu.

Linalowatatiza wengi ni mtandao. Simu hiyo ni kama mpangaji mwenye mlango wake ndani ya ploti. Kijana akiiandikia anwani 127.0.0.1, itajibishia mlango wake yenyewe. Akitaka ifikie kazi yake iliyo kwenye kompyuta, aandike 10.0.2.2.

Intaneti nayo hupitia kompyuta: bando likikatika huku, na kule kumekatika. Kabla ya yote, pimeni kompyuta. Yenye kumbukumbu ndogo itajikokota.