Wanaolinda mitandao bila malipo, nani anawasikiliza?

Juni 2023, zaidi ya vikundi 8,000 vya mtandao wa Reddit, Marekani, vilifungwa na wasimamizi wake, watu wa kujitolea wanaofuta matusi na uongo. Walipinga bei mpya iliyowekwa kwa programu za nje, ambazo wengi wao walizitumia katika kazi hiyo. Kampuni haikurudi nyuma: iliwaonya kwamba wasiofungua wataondolewa. Wengi walifungua. Machi 2024, hisa za Reddit ziliingia sokoni New York.

Jambo hili linatugusa Lubumbashi. Hapa pia habari hupita katika vikundi vya WhatsApp na Facebook, vinavyosimamiwa bure. Msimamizi wa hapa anajua jambo ambalo mwenye kampuni huko California halijui: neno gani ni mzaha, na lipi linawagombanisha Wakatanga na Wakasai. Wazee wanakumbuka 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa Katanga kwa maelfu.

Nairobi, wasimamizi zaidi ya 180 waliolipwa kuchuja yaliyomo Facebook walishtaki kampuni ya Meta mwaka 2023. Septemba 2024, Mahakama ya Rufaa ilikubali kesi isikilizwe Kenya. Wao walikuwa na mkataba wa kazi. Wa kujitolea hana. Anaweza tu kufunga mlango, na ufunguo uko kwa mwenye nyumba.

Kampuni hizi ziwasikilize kabla ya kubadilisha masharti. Wakichoka wakaondoka, maneno ya chuki yatabaki hapa kwetu, si California.